Imeisha kabisa, ao imelala tu? Maneno ya mu klubu yetu ya Kingereza, Lubumbashi

Bale balikosa kufika juu ya mvua, hii njo maneno yote vile nilisema. Ile nilikuwa naonyesha ku ukuta nimeacha, hamutakosa kitu.

Jambo yenu bamama, jambo bapapa, jambo vijana! Nyinyi benye munasimama ku mulango ingieni, viti viko huku mbele, hakuna muntu atabauliza kitu. Mimi njo nitauliza.

Komite iliniomba leo niongee juu ya vitenzi vya Kingereza vya kushinda na kumaliza. Kushinda muntu, kumaliza vita, kumaliza ugonjwa, kumaliza kontra. Na najua tayari kuko muntu anasema mu roho yake, mwalimu, shiye tuko na "shinda" na "maliza", inatutosha toka zamani za batate, hawa bantu banatafuta nini na maneno yote ile? Ni swali ya haki. Kingereza ni luga ya kuokota. Ingine ilizaliwa nayo, ingine ilipewa na Banormandi benye batoka Ufaransa na kukamata Uingereza mu 1066, ingine ilienda kuchota yenyewe mu Kilatini, na haikutupa hata moja. Ikajikuta na maneno makumi kwa kazi moja, sasa ikayagawia kazi kidogo kidogo. Mufano "quell". Ni ya kwao ya zamani kabisa, na zamani ilikuwa kuua, kuua kabisa muntu akakufa. Leo? Leo polisi i-"quell" watu benye banapiga fujo, maana yake inabatuliza tu, na kesho yake beko ku barabara tena.

Munaona? Neno ilikuwa ya kuua, leo ni ya kutuliza. Kwa hiyo sitabapa lisiti ya maneno ya kushika kwa kichwa, lisiti mutaisahau mbele mufike ku kituo cha basi. Nitabapa maswali mawili. Ya kwanza: hii neno inakubali kitu gani nyuma yake? Ya pili, na hii njo yenye iko ku roho yangu leo: ile kitu banasema imemalizwa, inaweza kurudia? Imeisha kabisa, ao imelala tu?

Tuanze na mupira, ju mupira kila muntu anajua.

Nani alikuwa hapa mu muji tarehe 14 Desemba 2010? Inueni mikono. Eeeh, naona hata bamama! Muko munakumbuka. Abu Dhabi, nusu fainali ya kombe ya dunia ya maklubu, Mazembe, timu yetu ya hapa, na Internacional ya Brazil. Kabangu anafunga ya kwanza, Kaluyituka anafunga ya pili, golikipa wetu Kidiaba anarukaruka na matako mu uwanja mzima na dunia yote inauliza huyu ni nani. Hakukuwa timu ya Afrika ilikuwa imefika fainali ya ile kombe mbele yetu, wala timu ya kutoka inje ya Ulaya na Amerika ya Kusini. Haya. Sasa uko ku Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, dereva mumoja Muzambia anakuuliza ile siku ilikuwa namna gani, na wewe kwa furaha unamujibu: "We won Internacional!"

Atakuangalia. Atafikiri mulipewa Internacional mu tombola.

Ju "win" haikubali muntu nyuma yake. "Win" inakamata mechi, kombe, kesi, vita, zawadi. Muntu ao timu unai-"beat", ao unai-"defeat". "We won the match, we beat Internacional." Kifaransa kinatudanganya na Kiswahili kinatudanganya, ju "tuliwashinda" na "tulishinda mechi" kwetu ni neno moja na hakuna shida. Kwao ni shida. Na siku nne nyuma yake, mu fainali, Inter ya Milan ikatufunga tatu bila, hapo unasema "we lost to Inter". Hiyo "to" musiisahau, hata kama inauma kuisema.

Halafu kuko ukubwa wa kipigo. "Beat" haisemi ni bao ngapi. Kama ni bao moja ya dakika ya mwisho utasikia "edge", banapita ku ncha tu. Kama ni aibu utasikia "thrash", "hammer". Bapapa benye umri wangu banajua ninaenda wapi... Juni 1974, Ujerumani, Zaire na Yugoslavia, tisa bila. Ile ni "thrash", na hata "thrash" inaona haya.

Lakini mwaka ileile 1974, tarehe 30 Oktoba, Kinshasa, Muhammad Ali na George Foreman. Uwanja mzima unapiga kelele nini? "Ali boma ye!" Ali, umuue! Raundi ya nane Foreman akaanguka, refari akahesabu, kwisha. Gazeti za Kingereza zikaandika Ali "knocked out" Foreman. Bantu balikuwa banaomba kitenzi kikubwa, bakapewa kadogo. Na sasa muniulizeni swali yangu ya pili: "knock out" inaweza kurudia? Inaweza sana. Foreman akaacha boksi miaka kumi, akawa pasta, akarudia, na mu Novemba 1994, na miaka 45 ku mugongo, akamu-"knock out" Michael Moorer akakuwa tena bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kwa hiyo ukisikia "knock out" ujue: huyu ametolewa mu hii pambano. Ya kesho haijasemwa.

"Conquer" na "overcome" nitapita mbio. "Conquer" ni ya kukamata inchi ao mulima, ao woga kama unataka kusema na sauti kubwa. "Overcome" ni ya kupita shida, kilio, huzuni, ugonjwa, na inapenda muntu mwenye alihangaika. Timu pia inaweza, lakini tumieni kwa kitu kizito.

Sasa tuingie fasi ambapo maneno yanachunga maisha ya bantu. Magonjwa.

Mutasikia ku redio "control", "eliminate", "eradicate", na bantu benye banatafsiri banaweka zote tatu "kumaliza". Bandugu, hapana! Kwa bamuganga ni ngazi tatu na kila moja iko na bei yake. "Control" ni kuipunguza mupaka iwe ya kubebeka. "Eliminate" ni kuifikisha zero mu inchi moja ao mu bara moja, lakini kazi inaendelea, chanjo inaendelea, ju iko inje inaweza kuingia. Ile neno yenyewe mu Kilatini ni kuitupa inje ya kizingiti cha mulango. Na "eradicate" ni kungoa na muzizi, zero dunia nzima, milele, hata chanjo munaacha.

Magonjwa ngapi yamepata hiyo neno ya tatu? Nadhani mutasema kumi, makumi mawili. Ni mbili. Mbili tu! Ndui kwa bantu, iliyotangazwa 8 Mei 1980, na sotoka ya ngombe, mu 2011. Ndui iliua mamia ya mamilioni mu karne ya makumi mbili peke yake, na muntu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida ni mupishi wa hopitali ya Merca kule Somalia, Ali Maow Maalin, Oktoba 1977. Akapona. Nyuma yake akaanza kuzunguka na bantu ba chanjo ya polio, kuelezea bazazi kwamba chanjo ni ya maana. Na mu 2013, akiwa mu ile kazi, akakufa. Malaria. Muntu mwenye alifunga mulango wa ugonjwa mumoja akauawa na ule wenye hata bado tunai-"control" na chandarua. Mi naona hiyo histoire inaeleza hizi verbi kuliko kamusi.

Na hata pale ku ndui musichanganye "eradicate" na "destroy". Virusi yenyewe ingali iko, imefungwa mu maabara mawili, moja Atlanta kule Marekani, ingine Koltsovo kule Urusi, na miaka na miaka bakubwa banabishana waiunguze ao waichunge. Ugonjwa umengolewa. Mbegu iko mu friji.

Polio sasa. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilipewa cheti kwamba polio ya mwitu imeisha mu bara letu. Tulishangilia, na ilikuwa haki. Mwanzo wa 2022 ikapatikana kwa mutoto Lilongwe, Malawi, hapa karibu, na walipochunguza virusi wakaona asili yake ni Pakistan. Je, cheti ilikuwa ya uongo? Hapana! Cheti ilisema imetolewa mu nyumba. Haikusema imekufa. Ukisoma kitenzi muzuri hautashangaa, ukisoma "imemalizwa" utaanza kusema bamuganga banatudanganya, na njo vile uvumi unazaliwa.

Na Ebola, shiye Bakongomani njo tunajua kuliko bote. Ilijulikana mara ya kwanza Yambuku mu 1976. Ile ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa 1 Agosti 2018 ikatangazwa imeisha 25 Juni 2020, bantu kupita 2,200 bamekufa. Sasa musikilize Kingereza ya bamuganga siku ile. Hawakusema "Ebola is defeated". Balisema "the outbreak is over". "Over"! Hata haiko kitenzi cha kupiga. Ni kama kusema mvua imekatika. Balihesabu siku 42, ni kusema mara mbili ya siku 21 zenye virusi inaweza kukaa mu mwili mbele muntu aanze kuugua, hakuna mugonjwa mupya, basi "over". Lakini virusi iko mu nyama ya pori, mu popo banafikiri, na hapo hakuna muntu alienda kuishinda. Bangeandika "defeat", siku ingine ikitokea wangekuwa na jibu gani? Mi nasema mwenye alichagua ile neno ndogo alikuwa muntu wa akili.

Muko pamoja na mimi? (Tuko pamoja!) Asante. Maji kidogo.

Mambo ya serikali na tribinali. Hapa kitenzi kiko na mudomo, maana yake ukikisikia unajua nani anaongea.

Tunaishi mu muji wenye unajua hiyo. Tarehe 11 Julai 1960, hapahapa, wakati ilikuwa ingali Elisabethville, Moïse Tshombe alitangaza Katanga inajitenga. Mu Januari 1963 ikaisha, nyuma ya jeshi ya Umoja wa Mataifa kuingia. Siko hapa kufungua kesi ya bababu, bazee naona banaanza kujinyoosha ku viti, batulie. Naongea Kingereza tu. Mukifungua vitabu vya Kingereza mutaona mumoja anaandika secession, ni kusema ile kujitenga, "ended", mwingine "was put down", mwingine "was crushed". Tukio ni moja. Mwenye kuandika "ended" anajificha, hasemi nani alimaliza. Mwenye "put down" anaongea na kiti cha mukubwa, ju ni serikali njo ina-"put down" uasi, uasi hau-"put down" serikali. Uasi ukishinda unai-"overthrow", ao unai-"topple". Na "crush" inakuonyesha nguvu na vumbi, na mara nyingi, haiko kila mara, mwenye kuandika ana huruma kidogo kwa mwenye alipondwa. Mukisoma habari za inje juu ya inchi yetu, anzeni ku kitenzi mbele ya kuangalia picha.

Kwa "put down" kwanza muniruhusu. Ni verbi ya hatari. Uta-"put down" simu ku meza. Uta-"put down" muntu, kumudharau mbele ya benzake. Na imbwa muzee mwenye mateso, muganga wa banyama ana-"put him down", anamuchoma shindano anakufa. Kulikuwa mama mumoja wa Kitwe, kule Zambia, alikuwa anaishi karibu na sisi, analia, "they put down my dog", na kijana wa pale nyumbani akamujibu kwa adabu yote, "Madam, he will stand up." Alikuwa anamufariji!

Haya, "abolish". Hii inakubali sheria, desturi, mufumo. Haikubali muntu, haikubali ukuta, ukuta una-"demolish". Uingereza ili-"abolish" biashara ya batumwa mu 1807, na utumwa wenyewe mu makoloni yake kwa sheria ya 1833. Muone vizuri, biashara mwaka mumoja, utumwa mwaka mwingine, makumi mawili na sita katikati. Muntu wa 1810 akisikia "abolished" alikuwa na haki ya kuuliza: nini sawasawa?

Na karibu zaidi. Desemba 2022 benzetu ba Zambia bali-"abolish" hukumu ya kifo. Shiye huku hatukuwa tume-"abolish". Toka 2003 tulikuwa na moratorium, ni kusema hukumu banatoa lakini hakuna muntu anauawa. Na mu Machi 2024 serikali ika-"lift" ile moratorium. "Lift"! Kuinua! Mwanafunzi wangu mumoja aliniuliza, mwalimu, bameinua moratorium, ni kusema wameiongeza nguvu? Hapana, ndugu yangu. Mu Kingereza ukii-"lift" marufuku, umeiondoa juu ya vichwa vya bantu. "Lift a ban", "lift a curfew". Hapa kilichoondolewa ni kizuizi, na kitu chenye kilikuwa kimelala kikapata njia ya kuamka. Ukikosea hiyo neno moja unaelewa habari kinyume kabisa, na habari yenyewe ni ya uhai wa bantu.

Ku tribinali: hukumu ya chini ikivunjwa na koti ya juu, wanai-"quash". Bastajere ba droit muko hapa, naomba, "quash", haiko "squash". Nilisoma fasi moja "the judgment was squashed". "Squash" ni kuponda kitu mupaka kikuwe bapa, na pia ni jamii ya boga. Sheria mukibadilisha kwa bunge muna-"repeal". Uvumi muna-"quash" pia ao muna-"scotch". Tupite.

Sasa kazi. Najua nusu ya hii ukumbi iko hapa juu ya kazi ya mumigodi, musikatae.

Kijana mumoja, jina naacha na kompani naacha, alipata imeili ya asubuhi: "Your position has been made redundant." Yeye Kifaransa chake kiko kizuri, "redondant" anajua, ni muntu mwenye anarudilia maneno. Akafikiri bosi analalamika juu ya raporti zake. Akaketi, akaandika barua ndefu ya kuomba radhi, kwamba toka sasa raporti itakuwa fupi, hatarudilia kitu. Akatuma. Kesho yake asubuhi akavaa kofia na buti, akafika ku kizuizi, kadi haifungui. Mulinzi anamuangalia, yeye anaangalia kadi, anaipangusa ku suruali, anaiweka tena, taa nyekundu.

"Redundant" mu Kingereza ya Uingereza, ya Zambia, ya Afrika ya Kusini, ni kusema ile fasi ya kazi yenyewe imefutwa. Haiko wewe ulikosa. Na hapo njo iko faida yako, ju nyuma ya hiyo neno mara nyingi kunakuwa haki ya malipo kwao, na hata kama kontra ya hapa inafuata sheria ya Kongo, bosi mwenye aliandika "redundant" ameshakubali kwa mukono wake kwamba hauna kosa. Ile imeili usiifute! Upeleke kwa avoka. "Dismissed" ni ingine, pale ni wewe njo umeondolewa, na mara nyingi banasema ulikosa. "Terminated" ni kontra imekatwa na mukono wa muntu, uulize mukono wa nani na kwa makala gani. "Expired" ni tarehe imefika yenyewe, hakuna mwenye alikata. "Suspended" imening'inia, bado unaitwa mufanyakazi wao, usianze kuuzisha kitanda. Na "void", hii muiogope, ni kama kontra haikuzaliwaka hata siku moja.

Mama mumoja huku nyuma, naona toka mwanzo ana karatasi mu mukono. Mama, uliza, usione haya. Anauliza, muntu wake wa Ndola amemuandikia juu ya deni ya unga: "I have written it off." Anasema, ni kusema amenilipa?

Mama, hapana. Yeye njo anakudai, si ndiyo? Basi ukimaliza kulipa wewe, una-"pay off". Mukikutana mukaelewana bei ya mwisho, muna-"settle". Lakini "write off" ni yeye mwenyewe amekata tumaini, ameitoa mu kitabu yake, kama asiransi yenye ina-"write off" lori yenye ilipinduka ku njia ya Kasumbalesa: lori ingali pale mu majani, vyuma viko, lakini mu hesabu imekufa. Deni yako amefuta mu kitabu. Sasa swali yetu ya pili, inaweza kurudia? Andika umuulize kama anaweza kukupa karatasi yenye inasema haudaiwi tena kitu, "nothing further is owed", na jina lake na tarehe. Akikubali, imeisha. Akinyamaza, mama, usifike Ndola bila kujua kwamba anaweza kukudai tena, na uanze kupanga namna ya ku-"pay off".

Juma yenye inakuja tutaendelea na "clear", "cancel" na "call off". Kila muntu alete karatasi moja ya Kingereza yenye alipewa ku kazi ao ku mupaka, tutasoma pamoja, majina mufunike na kidole.